Kimya cha Bei Nafuu

Wesonga amekuja na drili, na kisanduku cheupe
kisichozidi mche wa sabuni uliokatwa nusu,
na waya mmoja wa samawati.
"Mama, simu yako sasa itapitia kwenye intaneti."
Mama akamtazama.
"Na ikishapita huko, itarudi?"

Waya wa zamani ulikatwa Aprili.
Wezi wa shaba walipanda nguzo ya kona, saa nane usiku,
wakaukunja kama mkeka, wakaenda zao.
Tukaripoti. Tukapewa namba ya ripoti.
Bili ikaendelea kuja, mwezi baada ya mwezi,
bili ya marehemu,
matanga ambayo hakuna wa kuyaanua.

Hesabu mpya ameiandika nyuma ya risiti:
mia tatu kwa mwezi,
ng'ambo shilingi mbili kwa dakika.
Mama akavaa miwani, akaisoma mara mbili
kama anayetafuta mahali alipoibiwa.

Maana simu ya nyumba hii ilikuwa na kufuli.
Kufuli dogo, kwenye tundu la kwanza la kisahani cha namba,
ufunguo ukilala mfukoni mwa Baba pamoja na tembe zake za presha.
Sisi watoto wa Buruburu tuliijua njia ya panya:
unagonga kitufe cha kukatia kwa kidole,
mara saba, pumua,
mara mbili, pumua,
mara tisa,
na ukikosea pumzi umemwamsha mtu Thika.

Bili ikifika Baba aliisoma mezani, Jumapili, kabla ya nyama.
"Machakos, dakika kumi na moja.
Nani humu ndani ana mke Machakos?"
Hakuna aliyetafuna.

Hakuwahi kuuliza kufuli lilipitwaje.
Lakini siku moja nilimkuta sebuleni, taa haijawashwa,
ufunguo umempotea,
anagonga,
anahesabu kwa midomo.
Nilirudi nyuma kimyakimya. Hadi leo sijamwambia mtu.

Kisha Syombua akaenda Leeds, kazi ya uuguzi.
Dakika tatu kila mwezi, basi.
Mama alizipangia orodha kwenye karatasi ya unga:
umekula, baridi vipi, nani kazaa, nani kazikwa,
pesa imefika, Mungu akulinde,
kata.
Kicheko kilikuwa anasa.
Kilio hatukukitengea fungu.

Wesonga anachomeka. Taa tatu za kijani,
ya nne inasitasita, kisha nayo inakubali.
"Ila stima ikipotea, nayo inalala,"
anasema kwa sauti ya chini, kama daktari mlangoni.
Ile ya zamani haikulala.
Mtaa mzima ungezama gizani, yenyewe iko macho,
inanyonya uhai wake kutoka kwenye waya.
Hilo hakuliandika kwenye risiti.

Jioni Mama akampigia Syombua.
Akaimaliza orodha yote kwa dakika tatu kamili.
Mazoea yana taabu.
"Haya, Mungu akulinde," na kidole tayari kinaelekea kukata.
"Mama, usikate. Ni shilingi sita tu."

Wakakosa la kusema.

Tukasikia bomba la Leeds likitiririka,
kijiko kikianguka,
Syombua akiguna alipoinama kukiokota,
mguno wa Baba, ule ule, wa kiuno kilichochoka.
Mama aliinua uso. Hakusema kitu.
Akailaza simu mezani, mdomo juu,
akavuta ungo, akaanza kuchambua maharagwe,
na huko ng'ambo nadhani mtu alisikia
vijiwe vikidondoka kwenye bakuli, kimoja kimoja.

Robo saa. Shilingi thelathini za kimya.
Tangu lini nyumba hii ikamudu kitu kama hicho.

Halafu stima ikapotea.
Taa nne za kijani zikafumba pamoja.
Mama hakusimama kutafuta mshumaa,
aliendelea kuchambua kwa ncha za vidole.
"Syombua?" akaita gizani,
bila haraka.