Daftari la Mlangoni

Nyumba yetu hapa Tororo ilikuwa ya wafanyakazi wa reli.
Namba yake ya zamani bado iko ukutani,
na vumbi la kiwanda cha saruji
hulala juu ya mabati kama unga usiochekechwa.
Ndani tuko saba. Jana tulikuwa wanane.

Mlangoni pana daftari,
kalamu imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu:
jina, saa ya kutoka, unakokwenda, saa ya kurudi.
Nyachwo, mwenye funguo, haulizi zaidi ya hayo.
Husoma, miwani ikiteleza puani,
kisha husema, "Chai ni saa kumi na moja. Haimngoji mtu."
Humngoja. Nimeiona sufuria imefunikwa sahani.

Leo mvua imenizuia, nikazirudia kurasa za Machi.
Hili ni jina langu? Emuron,
limepanda na kushuka
kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni.
Unakokwenda: nimeandika "hapa hapa".
Siku ile nilifika getini tu, nikashika chuma, nikarudi.

Wiki ya tatu, kinyozi.
Wiki ya tano, msibani,
na huko nilikikuta chungu cha ajono katikati ya wazee,
ulezi unatoa povu, mirija imeenea kama miguu ya buibui,
na binamu yangu akanipangusia mrija wake kwa kiganja,
kwa upendo. Neno hilo silifuti.
Kwetu ukiukataa mrija umeukataa udugu.
Nilisema nina vidonda vya tumbo.
Saa ya kurudi: nane na dakika kumi.
Kilomita tisa kwa miguu,
wala sikukumbuka kwamba duniani kuna bodaboda.

Oketcho ameandika jana: "Malaba, kudai deni langu."
Safu ya kurudi ni tupu.
Kitanda kimetandikwa, kandambili zinatazama mlango.
Jina lake halikutajwa mezani,
ila sahani zilipangwa nane
na hakuna aliyeiondoa moja.

Mwezi ujao zamu yangu inakwisha.
Nimepata chumba nyuma ya gereji, dirisha moja, kitasa kipya.
Mwenye nyumba aliniuliza natokea wapi.
Relini, nikamwambia.
Si uongo.
Lakini kule, nikichelewa, ni nani atakayejua nimechelewa?
Nimenunua daftari langu, la kurasa tisini na sita,
nyuma lina jedwali la kuzidisha.
Nimelificha chini ya godoro
mahali ambapo zamani ningeficha kitu kingine.

Saa tano usiku mnyororo wa geti umelia.
Hatukuwasha taa, hata mmoja wetu.
Tumesikia viatu vyenye maji, kikohozi,
kimya kirefu,
kisha karatasi ikifunuliwa,
na kalamu, ikiburuta uzi wake,
ikiutafuta mstari gizani.