Wa Masiro

Kitabu cha ubatizo pale Kidia
kinaanza baada yake.
Nimekifungua kwa vidole vya mhasibu, taratibu,
kurasa zimenatana, na mwandiko wa mchungaji Mjerumani
umelala upande mmoja
kama migomba iliyopigwa na upepo wa Machi.
Nimempata bintiye, Manka, aliyeitwa Rahel siku hiyo.
Baba: *Kirumbuyo, mpagani, marehemu.*
Maneno matatu. Koma mbili.
Ndiyo mali yote niliyorithi kwa maandishi.

Shangazi Ndeanasia hakutaka nitafute.
"Unafukua nini? Sisi ni wa hapa hapa."
Akageukia jiko, akakoroga kiburu
ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Nikashuka mjini, stoo ya mahakama,
nyuma ya maghala ya kahawa.
Karani akanipa kiti kisicho na mgongo
na faili la mwaka thelathini na nne: shauri la kihamba.
Mdaiwa ni babu yangu.
Mdai ni mjukuu wa mwenye ardhi, naye ameleta shahidi,
mzee asiyejua kusoma, kaweka dole gumba
jeusi, mistari yake bado inaonekana:

*Nilikuwa mtoto. Nilimwona Kirumbuyo akileta masiro.
Kila mavuno ya ulezi, mtungi mmoja wa pombe,
mkungu mmoja wa ndizi. Hakupanda isale,
maana mpaka haukuwa wake.
Mwaka mmoja mtungi ulifika nusu.
Alisema mtoto anaumwa.
Mwenye shamba alipokea, hakusema neno.*

Nikatoka nje. Nikanunua maji, sikuyanywa.

Tulishindwa, bila shaka. Hukumu ni mistari minne.
Lakini tazama: waliotaka tunyang'anywe
ndio pekee waliomkumbuka akitembea,
mtungi begani, akipanda kilima,
pombe ikigonga ukuta wa udongo kwa kuwa na nafasi.
Sisi, damu yake, tulimficha.
Miaka tisini tunasema "wa hapa hapa"
ili asije mtu akauliza: hapa pa nani?

Na mtoto yule ni yupi?
Manka? Babu?
Au mwingine, asiyefika hata kwenye koma?
Kama ni babu, basi mimi
nimetokana na ule ulezi ambao haukupikwa pombe,
ulioingia kwenye uji
wa mgonjwa, usiku, kwa wizi kidogo.

Wenye vihamba walilazwa migombani mwao,
na baadaye fuvu likafunikwa chungu penye isale,
likishuhudia: hapa ni petu.
Wa masiro alilazwa wapi?
Nimezunguka shamba lile kwa ruhusa ya wenyewe.
Wamejenga nyumba ya tofali na banda la ng'ombe watatu.
Wakanikaribisha chai. Hawakujua kitu,
nami sikuwaambia kitu.

Ila nikishuka, kandokando ya mfongo,
nikamkuta kijana na jembe fupi, anasubiri maji.
Nikamuuliza, kwa kuzuga tu, zamu yao inaishia wapi.
"Kwa Kirumbuyo."
Moyo ukapiga hatua pembeni.
"Kirumbuyo ni nani?"
Akanicheka. "Si mtu, mama. Ni kona.
Pale maji yanapokunja."

Akanionyesha. Jiwe moja, pana kama meza,
limelazwa kwa mkono wa mtu, si mafuriko,
na mfereji unalizunguka bila kelele
kuelekea mashamba ya wengine.
Kizibo chake ni gome la mgomba na tope.
Hakikai zaidi ya siku tatu, kijana alisema,
maji hulegeza, lazima kizibwe upya.
Nani hukiziba?
"Yeyote aliye karibu."

Nikatazama huku na huku.
Yeye alikuwa ameshakwenda kufuata maji yake.
Nikachuma gome, nikainama.
Viatu vya ofisini vikalowa.