Simba Mmoja, Pua Mbili

Mnunuzi wa vyuma chakavu katoka Mwanjelwa
na mtungi wa gesi na mizani.
"Dada, kenta yangu inabeba moja. Chagua."
Mvua ya Tukuyu, ile isiyo na haraka,
inapiga bati la banda, nami nazunguka
Pijo mbili za marehemu baba
kama hakimu aliyekula kwa washtakiwa wote.

Foo-o-foo ndiyo hii. Macho ya mviringo,
mapezi nyuma kama mbasa wa Kyela,
gia kwenye usukani.
Asubuhi za Juni, Isongole imeganda,
stata ikikohoa, baba alichomeka hendeli puani,
akazungusha mara mbili,
ya tatu akaitukana kwa Kinyakyusa
ndipo ikaitika.
Ilipanda Uyole na magunia ya viazi,
na siku moja na mama mwenye uchungu,
ambaye mwanawe hadi leo anaitwa Pijo
na anafundisha hesabu Kiwira.

Faivo-o-foo iliingia mwaka wa foleni za sukari.
Macho yameinama pembeni, buti kama mgongo uliovunjika,
lakini kwenye mashimo ilipita
kama mtu anayevuka chumba cha mgonjwa.
Hii baba aliivalia koti.
Jumapili tulirudi kanisani kabla ya saa nane,
maana saa nane magari yalipigwa marufuku, petroli haipo,
na mama alitazama saa kuliko barabara.

Gwakisa anapiga simu toka Dodoma:
"Uza ya zamani."
Zote za zamani, Gwakisa.
"Basi ile iliyozidi."
Yeye alipanda ya koti.
Mimi nilikalia viazi.

Fundi Lwitiko anafungua boneti zote mbili.
Injini zimelala ubavu, upande mmoja,
kama ndugu wa kitanda kimoja.
Anachungulia, anacheka kwa magego yaliyobaki:
"Kabureta hii ni ya foo-o-foo.
Honi ile ya faivo-o-foo, niliihamisha
mwaka mzee alioanza kuugua.
Na huyu simba wa puani
nilimfunga kwa waya, si wa hapa."

Nikamuuliza: sasa ile siku ya mwisho,
alipokwenda Igogwe akarudi peke yake,
alikuwa anaendesha gari gani?
Lwitiko alikuwa anatafuta spana namba kumi na moja.
Hakuipata.

"Dada, ipi?"
Gesi ilikuwa imeshawashwa.
Nikatazama huku, nikatazama kule,
nikamuuzia geti.

Kilo arobaini na mbili, bei ya kuonewa.
Sasa wapitao njia ya Masoko
wanaziona zote mbili hadi ndani,
zimeelekea Rungwe,
moja imekodoa,
nyingine kama inayojua jambo,
na mbuzi wa jirani
wanaingia wapendavyo.