Kipande cha Saba

Mlima ulishuka Januari, usiku, bila hodi.
Ukachukua bustani ya kasisi, ukuta wa makaburi,
nusu ya ngazi za mawe,
kisha ukasimama mlangoni pa kanisa
kama mgeni aliyesahau alichofuata.

Mimi ndiye ninayetumwa huko kila Jumanne,
na ngazi ya alumini, tochi, daftari la kijani.
Juu ya kila ufa tumegandisha kipande cha kioo,
chembamba, kirefu kama kidole.
Kikikatika, ukuta bado unatembea.
Kisipokatika, twangoja.

Fundi kijana aliuliza: si tupige lipu tumalize?
Najua, najua: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Lakini ufa uliozibwa mapema
ni shahidi aliyefungwa kitambaa mdomoni.
Hatuambii tena mlima unaelekea wapi.

(Mimi nimejiziba miaka kumi na tisa.
Makoti ya kaka yangu. Sweta nyeusi mwezi wa Agosti.
Juu ya kioo cha bafuni, taulo,
na taulo ina misumari minne.)

Bi Incoronata, mwenye ufunguo wa sakristia,
hufagia kanisa ambalo hakuna aruhusiwaye kuingia.
Hunitazama nikipanda: "Umekonda, Ermelinda."
Nikishuka: "Umenenepa."
Asubuhi ile ile. Biskuti zile zile mkononi.

Alhamisi nateremka kwa basi hadi Potenza.
Daktari Lacava ana chumba juu ya duka la matairi
na kioo kirefu chenye magurudumu,
hukisukuma taratibu kama mtu anayemleta mgonjwa.
"Jieleze. Utosi hadi kisigino."
Nikaanza: uso kama wa...
"Hilo ni tusi. Nataka kipimo."
Nikaanza tena: tumbo hili la aibu...
"Tusi."
Nikalia. Alinipa leso, hakunipa pole.
Chini yetu mtu alikuwa akijaza upepo,
fyuu, fyuu, na mimi nikihesabu.

"Na kule kanisani huandika nini?"

Nikafungua daftari, nikamsomea:
Tao la kaskazini. Ufa mmoja, wima.
Milimita nne juu, moja chini.
Vazi la malaika wa kushoto limebanduka rangi ya samawati,
upana wa kiganja.
Kengele haijaguswa.

"Mbona hukuandika: kanisa baya?"

Nilipandwa na hasira. Kanisa lile, nikamwambia,
lina miaka mia sita,
limeegemewa na mlima mzima, bado limesimama,
nani ana ulimi wa kuliita...
Akanyamaza.
Hunyamaza kama mtu anayelipwa kunyamaza,
na kweli namlipa.
Nilimchukia hadi kituo cha basi, na vituo viwili baadaye.

Jumanne ya pili ya Machi, mvua ikiwa imekatika,
nilimulika kipande cha saba.
Mstari mwembamba kama unywele, katikati hasa.
Nikaandika: Saba. Kimekatika.
Sikuandika ole. Sikuandika nilivyokaa juu ya ngazi ile
na mkono wangu ukutani,
jiwe likiwa baridi, lipu ikiacha unga kwenye vidole.
Nikagandisha kingine pale pale,
nikaandika tarehe kwa penseli.

Usiku ule nikachukua koleo.
Msumari wa kwanza ulitoka na kipande cha ukuta.
Wa pili ukatoka kwa upole.
Taulo ikaning'inia upande, nami nikaonekana nusu.

Bega la kushoto: chini ya la kulia, sentimita moja, labda mbili.
Kovu la kidoletumbo: limepauka.
Nyonga: michirizi myeupe kumi na mmoja,
mifupi, yote yaelekea chini.
Paja...
hapo penseli ikataka kutukana. Nikaiachia kwanza ipoe.
Paja: moja. Jingine halionekani.
Tumbo: lipo.

Nikazima taa.
Misumari miwili bado imo ukutani.