Nyuzi Thelathini na Nane

Kipimajoto nimekiazima kwa Nesi Raya,
kile cha kioo, cha kutia kwapani.
Hakijui maji, kinajua homa tu:
kinaanza thelathini na tano, kinakoma arubaini na mbili,
na dawa ya filamu ya rangi inataka thelathini na nane,
homa ya mtoto anayeota jino.

"Nani mgonjwa?" aliuliza.
Nikamwambia: picha.

Usiku ule Wete nzima haikuwa na umeme.
Mama mdogo Biubwa kakaa sebuleni na chemli yake
akishona mkeka: ukili mweupe, ukili wa damu ya mzee,
ukili wa kijani aliouchemsha mwenyewe juzi.
Filamu ilikuwa ya mia nne.
Nikaidanganya kamera, elfu moja na mia sita,
hatua mbili juu ya uwezo wake,
nikapiga zote thelathini na sita.

Deni la giza hulipwa chooni.
Dawa ileile, joto lilelile,
muda ndio unaosukumwa:
dakika tatu na robo zikawa nne na nusu.
Kanga chini ya mlango. Kwa kupapasa
nikaipandisha filamu kwenye gurudumu lake,
jasho la kidole gumba likinisaliti.
Kisha kopo, kifuniko, tochi,
na chupa ndani ya beseni la maji moto
zimesimama kama watoto wanaokogeshwa.

Thelathini na nane. Mimina.
Pindua mara nne, gonga, subiri.
Pindua mara nne. Thelathini na nane.
Makaa yakavaa majivu, sikujali.
Thelathini na nane.

Shaame wa steshenari alizichapa kimya, na kimya chake nikakijua.
Vivuli vya kijani, kijani cha tangi lililosahauliwa;
penye mwanga, uwaridi wa kidonda;
damu ya mzee imekuwa udongo.

Mama mdogo akaipeleka moja dirishani.
"Huyu mimi," akasema. "Mkeka si wangu."
Nikasema chemli. Nikasema filamu ya zamani.
Nikasema boti ilichelewesha dawa.
Akanitazama kama muuza rangi aliyechanganya unga.
"Maji yako yalipoa.
Chungu kikipoa katikati, rangi moja huingia,
nyengine hubaki mlangoni."

Haiwezekani, nikasema, nilipima!
Nikakitoa mfukoni kumwonesha,
kikavu, asubuhi, kimelala humo usiku kucha:
thelathini na nane.

Hapo ndipo nikauona mkono wa Nesi Raya,
ule mtikiso wa kifundo, mara tatu,
kabla hajamtia mtu kwapani.
Zebaki hupanda yenyewe.
Kushuka, mpaka itikiswe.
Na mimi pale dirishani, nimesimama na sababu zangu tatu,
nilikuwa bado sijashuka.

Filamu ya pili nilikuwa mtwana wa maji.
Beseni kubwa, kwani maji mengi hayana pupa ya kupoa,
na nyuzi moja ya ziada, ya kulipasha kopo lenyewe.
Dawa mpya. Ile ya kwanza ilikwishasafisha roli saba,
nikaisamehe, nikaimwaga.
Tikisa, pima. Pindua. Tikisa, pima.
Umeme ukarudi, mtaa ukapiga vigelegele,
sikunyanyua uso:
sabini na mbili, sabini na tatu.

Chembe zimetoka nene kama machicha ya nazi.
Ndiyo bei ya kusukuma, siikatai.
Shavu la Mama mdogo lina mchanga mchanga
lakini ni shavu, la kahawia, lenye damu chini yake.

Akaiweka picha juu ya mkeka wenyewe, karibu na mlango.
Akaisogeza kidogo, akaigeuza,
mpaka mstari wa ukili ukaingia kwenye picha
ukatokea upande wa pili bila kukatika.
Akapitisha kidole, kwenda na kurudi.

"Haya, huu wangu," akasema.
"Na beseni langu la kuchemshia ukili?"