Mbili Gawanya kwa Robo

Fomu ya tathmini niliijaza nusu
kabla hajaandika tarehe ubaoni.
Miaka kumi na tisa nakaa dawati la nyuma,
magoti yakigonga mbao,
nawatazama wanachuo wakitetemeka na chaki,
na mkono wangu unajua wenyewe pa kuweka vema.

Ilikuwa Njoro, darasa la tano, watoto sabini na wanne,
mlima umejificha tangu Jumatatu.
Aikande, sketi yake inanukia pasi ya mkaa,
aliandika: mbili gawanya kwa robo.
"Ya pili geuza, kisha zidisha."
Geuza, zidisha, darasa likaitikia
kama waumini wanaojibu sala huku wakiwaza chakula.
Jibu, nane.
Wakajipigia makofi ya kilo.

Ndipo Mbonea, mtoto wa fundi viatu,
akasimama bila kuitwa:
"Mwalimu, mtu akigawa si anabaki na kidogo?
Mbili imekuwaje nane?"

Aikande alinitazama mimi.
Mimi nikaitazama fomu.
"Ndiyo kanuni," akasema. "Kaa."
Nikaweka vema: Analimudu somo.

Usiku ule sikulala vizuri.
Na mimi sikujua.
Nilifundishwa na mwalimu mwenye fimbo ya mbuni,
na ukiuliza kwa nini, fimbo ndiyo kwa nini.
Nikafaulu. Nikaenda chuo, nikafaulu tena,
nikarudi kuwafaulisha wengine.
Sufuria iliyotoboka hurithiwa hivyo:
kila mrithi anaisugua nje ing'ae.

Jumatatu Aikande alibisha ofisini
na chupa mbili za lita, mafuta ya alizeti,
sufuria, na kipimo cha robo
alichoazima kwenye genge la shangazi yake, Kiboriloni.
Hakusalimia sana.
"Shangazi hageuzi kitu," alisema.
"Anauliza tu, robo ngapi zimo humu?"
Akamimina.
Moja. Mbili. Mafuta yalichuruzika
juu ya faili langu la mitaala, nikayaacha.
Saba. Nane. Chupa zikakauka.
"Hatukuigawa mbili ikawa nane, mkufunzi.
Tulihesabu mara."

Nikakohoa kidogo, kulinda cheo.
Kisha nikauliza, na sikuwa namtega,
nilikuwa nataka kujua:
"Na nusu lita, kwa kipimo cha robo tatu?"
Akakuna kichwa. Nikakuna changu.
Kipimo hakikujaa.
Tulikitazama kisivyojaa,
tukakichora, tukakikata kwa mistari,
vipande viwili vimejaa, kimoja kitupu,
mpaka mlinzi akaja na funguo akatukuta
tunacheka, mikono inateleza,
tukisema theluthi mbili, theluthi mbili,
kama watu waliookota pesa.

Fomu ilikuwa ya wino, haifutiki.
Niliandika pembeni:
Swali la Mbonea halijajibiwa. Turudi.

Siku hizi wanachuo wapya wakija
naandika hesabu ileile siku ya kwanza,
na neno geuza nalipiga marufuku hadi mwezi wa pili.
Watu mia na ishirini, wote wana vyeti,
wote kimya.
Zamani kimya kile ningekijaza haraka.
Sasa nakiacha kikae, kama maharage yaliyolowekwa.

Lakini nilikuwa nasimulia Alhamisi ile, Njoro.
Chupa mezani, watoto wamepanda juu ya madawati,
Mbonea ndiye anayemimina, ulimi nje.
Alipofika nane alisema "Kumbe,"
polepole, kwa nafsi yake.
Akageuza kipimo, akachungulia kitako.
"Na kipimo kikiwa sifuri, mwalimu?
Zitaingia ngapi?"

Safari hii Aikande hakunitazama.
Alijaza chupa upya,
akampa.
"Anza kumimina," alisema,
"tutakusubiri."