Nukta Arobaini na Saba

Saa tatu usiku Mutheu wa uhasibu ananipigia
kutoka Pipeline, ghorofa ya sita.
Stima imerudi, mtandao umegoma.
"Waifai imejaa mistari yote, na hakuna kinachofunguka."
Ulibonyeza kitufe?
Kimya. Nasikia sufuria, mtoto,
jirani akigombana na televisheni.
Kumbe hakubonyeza.

Kule ofisini, Barabara ya Enterprise,
laptopu yake ina kiti chake:
mia moja tisini na mbili, nukta,
mia moja sitini na nane, nukta kumi,
nukta arobaini na saba.
Niliiandika mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu,
maana printa ile kuukuu haimjui mtu
asiyekaa pale pale ilipomwacha jana.

Nyumbani ni kwingine. Ruta ya mwenye ploti,
iliyofungwa kwa waya juu ya ngazi,
hugawa nambari kama karani wa zahanati:
wewe ishirini, wewe ishirini na moja,
mpaka kesho, halafu tutaona.
Ukifika pale umeng'ang'ania arobaini na saba yako
unabisha hodi kwenye mtaa ambao haupo.
Hakuna anayekufukuza.
Hakuna anayeitikia.

Nilimwekea vitufe viwili kwenye kioo,
KAZINI na NYUMBANI.
Bonyeza, hesabu mpaka kumi.
Husahau. Hata mimi ningesahau,

mimi niliyehama mara saba,
Huruma, Kariobangi, chumba kile cha Githurai
nilichokaa mwezi na nusu,
kila mahali nambari ya chaki mlangoni,
nailipia tarehe tano, namwachia mwingine;
na kwenye kila fomu, palipoandikwa Anwani ya Kudumu,
bado najaza sanduku la posta
la shule aliyofundisha baba, Chwele.
Baba alishastaafu. Ufunguo sijui anao nani.

"Haya, nimebonyeza."
Tunahesabu pamoja, yeye kwake, mimi kwangu,
sita, saba, nane,
"Imenipa ishirini na tisa!"

Ishirini na tisa, basi. Lala nayo.
Asubuhi, kabla hujavua koti,
rudi kwenye ile yako.
Haijakaliwa na mtu.
Nimeangalia.